Schwerin, mji wa maziwa kaskazini mwa Ujerumani: kwa nini ziara ya siku moja haitoshi

Wageni wengi wa Schwerin hufika kwa treni ya asubuhi kutoka Hamburg au Berlin, huingia kasri, hunywa kahawa, kisha huondoka kabla jua halijatua. Ratiba hiyo inawezekana, na vitabu vingi vya utalii huipendekeza, lakini kwa maoni yangu inampunja msafiri kile hasa alichokifuata. Schwerin si jengo moja zuri lililowekewa mji pembeni. Tangu ngome ya kwanza ya Waslavi hadi vibanda vya samaki vya leo, karibu kila kitu mjini humo kimepangwa na maji, na maji hayamfunukii mtu anayetazama saa kila baada ya dakika tano.

Schwerin ni makao makuu ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, na ndiyo ndogo kuliko makao makuu yote ya majimbo ya Ujerumani, kwa kuwa wakazi wake hawafiki 100,000. Kwa desturi huitwa mji wa maziwa saba, ingawa ukihesabu yote yaliyomo ndani ya mipaka yake utapata 12. Kubwa kuliko yote ni Schweriner See, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 61 na kina kinachofikia mita 52 mahali penye shimo kubwa zaidi. Mwaka 1842 lilikatwa sehemu mbili kwa tuta la barabara liitwalo Paulsdamm, na tangu hapo wenyeji huzungumzia ziwa la ndani na ziwa la nje, kana kwamba ni nyumba yenye ukumbi na ua.

Kufika ni rahisi. Kutoka Hamburg treni huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, kutoka Berlin zaidi ya saa mbili, na pande zote mbili zina treni za mkoa zinazokubali Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ambayo bei yake ilipanda hadi euro 63 kuanzia Januari 2026. Mwenye tiketi hiyo aepuke treni za mwendo kasi, maana humo haitambuliki na faini yake haina mjadala. Mwenye haraka anunue tiketi ya kawaida mapema, kwa sababu bei za treni za masafa marefu hubadilika kadiri siku ya safari inavyokaribia.

Ukitoka stesheni, teremka kuelekea mashariki kwa dakika chache tu na utakutana na maji ya kwanza, bwawa la Pfaffenteich, ambalo lilitengenezwa katika karne ya 12 kwa kuzuia mkondo ili kuendesha kinu. Leo limezungukwa na miti na nyumba za matajiri wa karne ya 19, na ng'ambo moja imesimama ghala la silaha la zamani, jengo refu la rangi ya udongo wa manjano lenye minara ya pembeni, lililobuniwa na Georg Adolf Demmler. Katika miezi ya joto kivuko kidogo huvusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtu mwenye miguu mizima angeweza kulizunguka bwawa zima bila kuchoka, lakini kivuko hicho kina abiria wake wa kudumu, hasa wazee wenye vikapu vya sokoni, na nauli yake inalipwa bila majuto.

Kutoka hapo unaingia mji wa kale. Schwerin haikupigwa sana mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya hapo serikali ya Ujerumani Mashariki haikuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya kila kitu, hivyo mitaa ya katikati bado ina mpangilio wake wa zamani, yenye nyumba za fremu za mbao, baraza nyembamba na mawe ya barabarani yaliyolainishwa na magurudumu ya miaka mingi. Mawe hayo yanapendeza machoni lakini ni adhabu kwa masanduku ya magurudumu, vigari vya watoto na viti vya wenye ulemavu, na hilo ni jambo la kuzingatia unapochagua pa kulala. Upande wa kaskazini wa mji wa kale kuna mtaa wa Schelfstadt, uliopangwa kama mji mpya kuanzia mwaka 1705, pamoja na kanisa lake la matofali lililojengwa kati ya 1708 na 1713. Watalii ni wachache huko, na kwa kutembea bila lengo mimi ningeuchagua huo kuliko uwanja wa soko.

Hata hivyo uwanja wa soko una kitu kimoja cha kumfanya mtu asimame. Ni sanamu ya simba juu ya nguzo, kazi ya mchongaji Peter Lenk, iliyowekwa mwaka 1995 kumkumbuka Henry Simba, mtawala wa Saksoni aliyeuanzisha mji huu mwaka 1160. Tazama michongo iliyo chini ya nguzo: katika upande mmoja raia wa mji wa Bardowick wamejipanga na kumwonyesha mtawala huyo matako yao wazi, tukio ambalo mapokeo husema lilitendeka kweli na kumghadhibisha hadi akauangamiza mji wao. Kwamba mji umekubali mnara wa mwanzilishi wake upambwe kwa dharau hiyo, kwangu ni dalili njema kuhusu tabia ya watu wake.

Kwa upande mwingine, yule aliyeshindwa hakusahaulika. Kabla ya Henry, kisiwa kilicho mbele ya mji kilikuwa ngome ya Waobotriti, kabila la Waslavi, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba ndiyo ngome ya ndani ya ziwa ambayo msafiri Ibrahim ibn Yaqub, aliyetoka Andalusia, aliiandika kwa Kiarabu katika karne ya 10. Mwaka 1160 kiongozi wao, Niklot, aliichoma ngome hiyo kwa mkono wake mwenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, na mwaka huohuo akauawa. Lakini mwanawe Pribislav alipatana na washindi, na ukoo wake ukatawala Mecklenburg, kwa vipindi na migawanyo mbalimbali, hadi mwaka 1918. Ndiyo maana leo mshindi ana simba sokoni, na mshindwa amepandishwa juu ya farasi wa sanamu, katikati ya uso wa kasri, juu ya lango kuu.

Kasri lenyewe lilipata sura yake ya sasa kati ya 1845 na 1857, baada ya watawala kurudisha makao yao Schwerin kutoka mji wa Ludwigslust mwaka 1837. Wasanifu kadhaa walishiriki, wakiwemo Demmler, Gottfried Semper na Friedrich August Stüler, na kielelezo chao kikuu kilikuwa kasri la Chambord lililoko Ufaransa. Demmler hakuimaliza kazi yake: aliachishwa mwaka 1851 kwa sababu alikuwa ameunga mkono mapinduzi ya 1848, na Stüler akachukua nafasi. Mwaka 1913 moto uliteketeza karibu theluthi moja ya jengo. Mwaka 2024 UNESCO ililiingiza kasri pamoja na majengo mengine ya watawala yaliyotawanyika mjini, ikiwemo ukumbi wa michezo ya kuigiza na mazizi ya farasi, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa nje, sifa zote linazopewa zinastahili. Minara ya kila umbo, kuba lenye malaika Mikaeli wa dhahabu, paa za mawe meusi na kuta za rangi ya mchanga, vyote vimejazana juu ya kisiwa kisichotosha, na kwa sababu hakuna upande wowote usiokuwa na maji, kila hatua unayopiga ufukweni hulibadilisha jengo. Hapa wasanifu hawakuogopa kuzidisha, na ni katika jengo hili peke yake ambapo nimeona kuzidisha kukifaulu.

Kwa ndani maoni yangu ni ya kiasi. Ukumbi wa kiti cha enzi una nguzo za marumaru na milango ya chuma iliyopakwa dhahabu, na sakafu za mbao zilizopambwa kwa vipande vya rangi tofauti ni kazi ya mikono ambayo sidhani kama kuna mwenye subira ya kuirudia leo. Inama kidogo uitazame sakafu hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha. Utaona mishipa ya mbao imegeuzwa kila kipande upande wake, ili mwanga uvunjike tofauti kwenye kila kona ya pambo la ua. Baada ya vyumba kumi vya aina hiyo, hata hivyo, macho hushiba. Sehemu kubwa ya jengo haifunguliwi kwa watalii, kwa kuwa tangu 1990 humo ndimo linamokaa bunge la jimbo, ambalo mwaka 2017 lilipata ukumbi mpya mahali pa ukumbi wa dhahabu ulioungua 1913. Jengo la watawala waliong'olewa linatumika kupigia kura, na hilo linalifanya liwe hai kuliko makasri mengi ya Ulaya ambayo yamebaki kuwa makabati ya vyombo. Saa mbili za ndani zinatosha. Watoto waambiwe wamtafute Petermännchen, kibwengo wa kasri mwenye kofia na upanga, ambaye kwa mujibu wa hadithi huwasumbua wezi na kuwaacha watu wema wapite.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kutembea hapa kwa uangalifu. Mjini humu ndimo alimozaliwa, mwaka 1873, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliyeongoza msafara wa kisayansi wa 1907 na 1908 ulioanzia pande za Bukoba, ukapita Rwanda na kuingia Kongo. Mwanaanthropolojia wa msafara huo alikusanya mafuvu ya binadamu zaidi ya 1,000, yakapelekwa Berlin. Adolf Friedrich baadaye alikuwa gavana wa mwisho wa Wajerumani nchini Togo. Kaka yake, Johann Albrecht, aliyekaimu utawala wa Schwerin kati ya 1897 na 1901, alikuwa kwa miaka mingi rais wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Unapopita chini ya picha za mababu zao kwenye kasri, unapita katika ukoo ambao historia yetu inaujua, na mwenye kupenda historia afanye maandalizi ya kusoma kabla ya kufika.

Nyuma ya kasri daraja jingine hukupeleka kwenye bustani kubwa, yenye mfereji wa umbo la msalaba uliopangwa katika karne ya 18 na sanamu nyeupe pembezoni mwake. Bustani haina kiingilio. Wenyeji hukimbia humo asubuhi, na kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, ndiyo sehemu inayomfaa zaidi mtu anayetembea kwa shida.

Lakini fedha yangu ya kwanza mjini humu ningeitoa kwa boti. Kampuni ya boti nyeupe ina gati yake karibu kabisa na kasri, na safari zake huzunguka ziwa la ndani. Kaa juu, upande wa kulia boti inapoondoka. Katika dakika za mwanzo mashine ikiwa bado taratibu, unapita nyuma ya kasri, upande ambao watembea kwa miguu hawauoni kwa ukamilifu: matao ya nyumba ya mimea yanayoshuka hadi karibu na maji, ngazi za mawe, na pango la kutengenezwa la mawe makubwa lililopo ukingoni. Halafu boti hugeuka, mji wote hujikusanya nyuma yako, na unaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo mdogo: kasri, mnara wa kanisa kuu, mstari wa paa, kisha misitu. Upepo huvuma hata Julai, kwa hiyo beba kitu cha kujifunika.

Baadhi ya safari husimama Kaninchenwerder, kisiwa ambacho ni hifadhi ya asili na hakina gari wala makazi ya kawaida. Huko kuna njia za miguu, mnara wa kutazamia, na sauti ya matete. Hakikisha tu unajua saa ya boti ya mwisho kabla ya kushuka, maana hakuna njia nyingine ya kurudi isipokuwa uwe na mtumbwi wako.

Asiyependa boti anaweza kufuata njia ya ufukweni kutoka kasri hadi Zippendorf, mwendo wa saa moja hivi chini ya miti, upande mmoja maji, upande mwingine mteremko wa msitu. Mwisho wake kuna ufukwe wa mchanga ambako familia huogelea, nyuma yake majumba ya kifahari ya zamani, mengine yaliyokarabatiwa na mengine yanayosubiri. Maji ni baridi hadi katikati ya Juni, na mtu aliyezoea Bahari ya Hindi atayaona baridi hata Agosti.

Kanisa kuu nililiweka siku ya pili, na nashauri hivyo. Ni jengo la matofali ya kuchoma, kwa kuwa ukanda huu hauna mawe ya kujengea, na ukisogea karibu na ukuta utaona kwamba hakuna tofali linalofanana na jirani yake: jingine limeungua hadi kuwa la zambarau, jingine limebaki rangi ya chungwa, jingine lina alama ya kidole. Ndani ni pana na peupe, na msalaba mkubwa wa karne ya 15 uliotoka katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Wismar ndio kitu kinachovuta macho. Mnara ni mpya kuliko mwili wake, ulijengwa kati ya 1889 na 1892 na kufikia mita 117.5. Kuna ngazi 220 hadi kwenye jukwaa la kutazamia, nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka lazima wakubaliane nani ajibanze ukutani. Juu, siku yenye anga safi, ndipo jina la mji wa maziwa linapopata maana yake, kwa kuwa kila upande unaogeukia kuna bati la maji linalong'aa katikati ya kijani. Kanisa halina kiingilio. Mnara hulipiwa euro chache.

Jumba la makumbusho ya sanaa, karibu na ukumbi wa michezo, lilifungwa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2021, hivyo angalia ratiba yake kabla ya kulipangia safari. Fahari yake ni picha ya kifaru Clara, aliyetoka India akazungushwa Ulaya kwa miaka mingi, ambayo Jean-Baptiste Oudry aliichora mjini Paris mwaka 1749 kwa ukubwa wa mnyama halisi.

Kuhusu chakula, Schwerin hulisha vizuri anayekula samaki. Skonzi iliyotiwa samaki wa kukaushwa kwa moshi, vitunguu vibichi na jani la saladi ndiyo chakula cha mchana chenye thamani kuliko vyote, na inauzwa ufukweni kwa bei ya kawaida. Muuzaji mzuri utamtambua kwa kuwa hupasua mkate mbele yako na kuchomoa miiba kwa ncha ya kisu, hachukui kitu kilichokwisha kufungwa. Uliza kama kuna Maräne, samaki mdogo wa maji baridi anayevuliwa katika maziwa haya. Nyama yake ni nyororo na haina harufu ya tope. Vyakula vingine vya asili vya Mecklenburg vina nyama ya nguruwe kwa wingi, hata ubavu wake uliojazwa matufaha na plamu kavu, hivyo asiyekula aulize mapema, kwani vipande vya bakoni huingizwa pia katika viazi na kabichi bila kutajwa.

Kasoro kubwa ni saa. Jikoni nyingi hufungwa mapema, na katika mgahawa mmoja ulio karibu na maji nilifika saa mbili na nusu usiku, jua likiwa bado juu, nikaambiwa kwamba kilichobaki ni supu. Supu ilifika baada ya muda mrefu, vuguvugu, na kwa bei ya chakula kamili. Kula kabla ya saa moja na nusu, na beba fedha taslimu, kwa kuwa si kila kibanda kinapokea kadi. Maduka ya vyakula hufungwa Jumapili kama ilivyo kawaida Ujerumani, na chupa nyingi za plastiki hutozwa senti 25 za dhamana ambazo hurudishwa kwenye mashine dukani.

Malazi hayana anasa nyingi. Nililala katika nyumba ya wageni ndogo ya Schelfstadt, ghorofa ya tatu bila lifti, chumba safi, dirisha linalotazama ua wenye mti wa mlozi wa Kizungu, kifungua kinywa cha mkate, jibini na mayai. Kelele hakuna kabisa baada ya saa nne usiku. Hoteli zinazotazama bwawa au ziwa ni ghali zaidi, na katika wiki za maonyesho ya opera ya wazi mbele ya kasri, vyumba hupungua na bei hupanda, kwa hiyo asiyekuja kwa ajili ya muziki achague wiki nyingine.

Jumatatu si siku ya kwenda, kwa sababu makumbusho ya kasri hufungwa. Majira ya baridi yana uzuri wake, maji yakiwa ya rangi ya risasi na mitaa ikiwa tupu, ila boti hupumzika na kivuko cha Pfaffenteich hakifanyi kazi, na bila boti unapoteza nusu ya mji. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza: boti zinatembea, mchana bado ni mrefu, vyumba vinapatikana, na jioni, wale wa treni ya saa kumi na moja wakishaondoka, mabenchi ya ufukweni hubaki ya wenyeji na ya wachache waliolipia usiku wa pili.